Land Rover ya Zamani: Kwanza Isimame, Ndipo Ipambwe

Mjini Maralal, Land Rover za zamani ni sehemu ya maisha ya kila siku. Ndizo zinazobeba abiria, magunia ya unga, mbuzi wa kupelekwa sokoni na, mara nyingi, mgonjwa anayekimbizwa hospitalini usiku. Ya kwanza ilitoka kiwandani Uingereza mwaka wa 1948, na ya mwisho ya umbo hilo la kale iliundwa Januari 2016. Hivyo hakuna iliyo mpya tena. Zilizobaki zinaendelea kutembea kwa sababu wenyewe wanajua kushika spana.

Ujuzi huo ni mali ya jamii. Hata hivyo, kuna tabia inayohatarisha maisha: gari linafungwa taa kubwa, keria ya juu na tairi pana, ilhali breki zake hazijafunguliwa kwa miaka. Kutoka Maralal hadi Baragoi ni takriban kilomita 100, kupitia Poro na Marti, na safari hiyo inashuka kutoka nyanda za juu zenye baridi hadi sehemu za chini zenye joto na vumbi. Kwenye mteremko, gari lililobeba watu kumi halisaidiwi na keria. Linasaidiwa na breki, usukani na gia.

Somo hili linawahusu wenye magari, madereva na vijana wanaojifunza ufundi. Mwisho wa somo, msomaji ataweza:

- kukagua gari kila asubuhi kwa dakika kumi;
- kutambua dalili za hatari kwenye breki, usukani na mkanda wa injini;
- kufanya matengenezo madogo nyumbani bila kujiumiza;
- kuamua ni kitu gani cha kuongeza kwenye gari, na kwa mpangilio gani;
- kujua kazi za kumwachia fundi.

1. Kulijua gari lenyewe

Land Rover za zamani ziko katika makundi mawili makuu. Kundi la kwanza ni la Series, yaani Series I, II na III, zilizoundwa hadi mwaka wa 1985. Hizi zina springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka. Kwa kawaida huvutwa na magurudumu ya nyuma. Katika Series II na III, dereva hubonyeza kirungu cha manjano ili magurudumu ya mbele yasaidie, na huvuta gia fupi nyekundu ili aingie kwenye gia za nguvu.

Kundi la pili lilianza na One Ten mwaka wa 1983 na Ninety mwaka wa 1984, magari ambayo tangu 1990 yanaitwa Defender. Haya yana springi za koili na huvutwa na magurudumu yote manne wakati wote. Gia fupi hutumika pia kufunga difu ya kati pale gari linapokwama.

Kanuni moja inahusu makundi yote mawili. Magurudumu ya mbele ya Series, au difu ya kati ya Defender, yafungwe kwenye matope, mchanga au mawe yanayoteleza tu. Gari likirudi kwenye lami au ardhi ngumu iliyokauka, yafunguliwe. Dereva asipofanya hivyo, gia na propela hujikaza, tairi huisha haraka na mwishowe kitu huvunjika.

2. Usalama kabla ya kushika spana

Wengi hawajui kwamba breki ya mkono ya Land Rover haishiki magurudumu moja kwa moja. Inashika propela ya nyuma, kupitia ngoma iliyo nyuma ya giaboksi. Kwa sababu hiyo, gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliruhusu lile lililo hewani kuzunguka, na gari linaweza kubingiria hata kama breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Watu wamebanwa namna hii.

Kabla ya kuinua gari, hatua hizi zifuatwe:

1. Gari lisimamishwe mahali tambarare na pagumu.
2. Magurudumu yanayobaki chini yazuiwe kwa mawe makubwa, mbele na nyuma.
3. Nati za gurudumu zilegezwe kidogo kabla ya kuinua.
4. Baada ya kuinua, stendi imara au gogo nene liwekwe chini ya ekseli. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.
5. Betri ifunguliwe kabla ya kugusa nyaya au kuchomelea. Katika Defender nyingi betri iko chini ya kiti, kwa hiyo spana na minyororo isihifadhiwe hapo. Chuma kikigusa ncha mbili za betri, moto huanza mara moja.

Baada ya kurudisha gurudumu, nati zikazwe kwa kuvuka, si kwa kuzunguka mduara, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hivi.

3. Dakika kumi za asubuhi

Ukaguzi wa asubuhi hufanywa injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali sawa.

Kwanza, ardhi iliyo chini ya gari itazamwe. Doa jipya ni habari. Oili nyeusi hutoka kwenye injini. Oili nzito yenye harufu kali hutoka kwenye difu au giaboksi. Umajimaji mwepesi unaoonekana upande wa ndani wa gurudumu huenda ni mafuta ya breki, na gari hilo lisiondoke.

Pili, oili ya injini ipimwe kwa kijiti chake. Iwe kati ya alama mbili. Kuzidisha nako kunadhuru. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji.

Tatu, maji ya rejeta yaangaliwe. Kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa moto, kwa kuwa mvuke huunguza uso na mikono. Injini za dizeli za Tdi zina hedi ya aluminiamu, na joto likizidi hedi hiyo hupinda. Maji ya mtoni yenye matope na chumvi huziba rejeta na kula hedi. Ni heri kubeba maji safi yaliyochanganywa na dawa ya rejeta kuliko kutegemea laga.

Nne, mafuta ya breki na ya klachi yatazamwe kwenye vikopo vyake. Yakipungua mara kwa mara, kuna mahali yanapotokea. Kuongeza tu ni kuficha ugonjwa.

Tano, tairi ziangaliwe kwa macho na mkono, pamoja na ile ya akiba. Sehemu iliyovimba ubavuni au ufa unaoonyesha nyuzi ni sababu ya kubadilisha tairi, hata kama meno bado ni marefu. Upepo upimwe tairi zikiwa baridi, kufuatana na kitabu cha gari. Tairi za nyuma za gari lenye mzigo huhitaji upepo mwingi zaidi ya zile za mbele.

Mwisho, taa, honi na vifuta-kioo vijaribiwe, kisha breki ikanyagwe kabla ya gari kuondoka. Pedali ikizama hadi chini, au ikihitaji kupigwa mara mbili tatu ndipo ishike, safari iahirishwe.

4. Breki na usukani

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Yakizeeka, huchemka wakati breki zimepata moto, na mapovu hujaa ndani ya mabomba. Dereva anayeshuka mteremko mrefu huku amekanyaga breki muda wote hupoteza breki kwa njia hiyo. Mambo mawili huzuia hali hiyo: kubadilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili, na kushuka kwa gia ya chini ili injini yenyewe izuie gari.

Mafuta yatumike ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu, kwa kawaida DOT 4. Oili ya injini au ya giaboksi isiwekwe kamwe kwenye breki, hata kwa dharura. Huvimbisha mipira yote, kuanzia silinda kuu hadi kila gurudumu, na mfumo mzima hulazimika kufunguliwa upya.

Series zina breki za ngoma kwenye magurudumu yote. Breki hizo hazijirekebishi zenyewe. Laini zikiisha, pedali huendelea kwenda chini hadi mtu azikaze kwa bolti zilizo nyuma ya kila sahani ya breki. Gurudumu huinuliwa, bolti huzungushwa hadi laini zishike, kisha hurudishwa kidogo mpaka gurudumu lizunguke bila kukwama. Ngoma zenye unyevu hazishiki vizuri. Baada ya kuvuka mto, dereva aende polepole huku akigusa breki mara kadhaa ili zikauke.

Mipira ya breki nayo hukaguliwa kwa kukunjwa kwa vidole. Ikionyesha nyufa, au ikivimba mtu anapokanyaga pedali, inabadilishwa yote.

Kwa usukani, wanahitajika watu wawili. Mmoja anauyumbisha kushoto na kulia injini ikiwa imezimwa. Mwingine anatazama kila kiungo kuanzia boksi la usukani hadi magurudumu. Kiungo ambacho upande mmoja unasogea kabla ya upande wa pili kimelegea. Kisha gurudumu la mbele huinuliwa, likashikwa juu na chini, likatikiswa. Mchezo unaosikika huenda umetokana na beringi au pini za kona. Usukani unaotetemeka kwa nguvu baada ya gari kugonga shimo mara nyingi huashiria bushi au viungo vilivyokwisha. Kuongeza kifaa cha kuzuia mtetemo bila kurekebisha viungo hivyo ni kufunika shimo kwa majani.

5. Vumbi na maji

Vumbi huua injini polepole. Series nyingi zina chujio la hewa lenye oili chini yake. Chujio hilo hufunguliwa, oili chafu ikamwagwa kwenye chombo, bakuli likasafishwa kwa dizeli, likapanguswa, kisha likajazwa oili safi hadi kwenye alama. Kwenye msimu wa vumbi kazi hii hufanywa kila wiki. Defender hutumia chujio la karatasi. Hilo halioshwi. Linaweza kupulizwa kwa upepo hafifu kutoka ndani kwenda nje, lakini likichanika au kulowa linatupwa. Paipu kati ya chujio na injini nayo itazamwe, kwa maana ufa mdogo hupitisha vumbi lote ambalo chujio lilipaswa kulizuia.

Rejeta huzibwa na mbegu za nyasi na wadudu. Huoshwa kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kwenda mbele.

Injini za Tdi zina mkanda wa mpira unaoendesha vali na pampu ya dizeli. Mkanda huo ukikatika, injini huzima papo hapo. Fimbo zinazosukuma vali hupinda, na wakati mwingine vali zenyewe. Mkanda haufuati umbali pekee. Hufuata pia umri, vumbi na oili. Gari lililonunuliwa bila rekodi ya mkanda lichukuliwe kuwa halijabadilishwa. Chini ya kifuniko cha mkanda, na chini ya sehemu injini inapoungana na giaboksi, kuna matundu madogo. Oili au unga mweusi wa mpira ukionekana kwenye tundu la mbele, mkanda uko hatarini. Matundu hayo huzibwa kwa bolti maalumu kabla ya kuvuka maji marefu tu, na baada ya kuvuka hufunguliwa tena. Yakiachwa yamezibwa, oili hujaa ndani bila mtu kujua.

Baada ya kuvuka maji yaliyofika juu ya ekseli, oili za difu zikaguliwe. Difu yenye joto ikiingia maji ya baridi hunyonya, na maji hupita kwenye sili au kwenye kipumulio kilichoziba. Oili iliyobadilika kuwa nyeupe imwagwe siku hiyo hiyo. Krosi za propela zipigwe grisi hadi grisi mpya itokeze.

Chasisi ni ya chuma, ingawa sehemu kubwa ya bodi ni ya aluminiamu. Bodi inaweza kung'aa huku chasisi ikiliwa na kutu chini yake. Nyundo ndogo hutosha kuipima: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti iliyokufa. Sehemu za kupima kwanza ni mwamba wa nyuma, mikono inayoshikilia bodi, na mahali springi zinaposhikiliwa.

6. Ratiba ya gari linalofanya kazi vumbini

- Kila siku: ukaguzi wa dakika kumi.
- Kila wiki: chujio la hewa, upepo wa tairi, maji ya betri, na kumwaga maji yaliyojikusanya chini ya filta ya dizeli.
- Kila kilomita 5,000: oili ya injini na filta yake, grisi kwenye propela.
- Kila kilomita 10,000: kufungua na kusafisha breki, kukagua usukani, beringi, difu na giaboksi.
- Kila kilomita 40,000, au zikiingiwa na maji: kubadilisha oili za difu na za giaboksi.
- Kila miaka miwili: mafuta ya breki na dawa ya rejeta.

Oili zisichanganywe kwa mazoea. Giaboksi ya Series hutumia oili nzito ya EP90. Giaboksi ya R380, iliyo kwenye Defender za 300Tdi, hutumia oili nyepesi, na EP90 huifanya ikatae kuingia gia. Daftari dogo la kuandika tarehe, kilomita na kazi iliyofanywa hugharimu pesa kidogo, na huokoa nyingi.

7. Kuongeza vitu: mpangilio ni muhimu

Gari likishakuwa zima, kuna nyongeza zenye faida ya kweli. Mpangilio unaofaa ni huu.

*Mikanda ya usalama.* Abiria wa nyuma ni watu kama wa mbele. Mikanda ifungwe kwenye chasisi au vyuma imara, si kwenye bati la aluminiamu linalochanika.

*Tairi na vifaa vya kujinasua.* Tairi nzuri za saizi ya kawaida, kama 7.50-16, zina manufaa kuliko tairi pana zinazogusa bodi na kulemea usukani. Kwenye mchanga wa laga, kupunguza upepo hadi psi 18 au 20 na kwenda polepole hufanya kazi kuliko kukanyaga mafuta. Pampu iwemo garini ili upepo urudishwe mara tu ardhi inapokuwa ngumu. Koleo, kamba imara na ubao wa kuwekea jeki vitangulie kununuliwa kabla ya winchi.

*Taa.* Taa kubwa ziwekewe rilei na fyuzi yake. Waya mwembamba unaopitishwa kwenye swichi ya zamani hupata moto na unaweza kuteketeza gari. Zizimwe gari jingine linapokuja.

*Snokeli.* Husaidia injini kuvuta hewa yenye vumbi pungufu na huzuia maji kuingia. Haifanyi mto uliofurika kuwa njia. Maji yanayokwenda kasi hulisukuma gari hata kabla hayajafika kwenye injini.

*Keria ya juu.* Mzigo wa juu hulifanya gari lipinduke upesi. Vitu vizito, kama mitungi ya mafuta na tairi ya akiba, vikae chini. Watu wasipande juu ya keria.

*Kuinua gari na kubadilisha injini.* Springi ndefu hubadilisha pembe za propela na kuvuta mipira ya breki. Injini yenye nguvu zaidi kwenye Series yenye breki za zamani ni gari linalokimbia kuliko linavyoweza kusimama. Anayebadilisha injini aboreshe breki kwanza. Mabadiliko ya injini, rangi au umbo la bodi ni lazima yaripotiwe kwa NTSA ili kitabu cha gari kilingane na gari. Gari la kubeba abiria au mizigo kwa malipo linahitaji pia ukaguzi wa kila mwaka.

8. Kazi za kumwachia fundi

Mwenye gari anaweza kufanya mengi nyumbani. Mambo manne yasifanyiwe majaribio: kubadilisha mkanda wa injini, kufungua pampu ya dizeli, kuchomelea chasisi au tangi la mafuta, na kufungua boksi la usukani. Mtu aliyefunga breki kwa mara ya kwanza naye ampe fundi azikague kabla ya kubeba abiria. Vijana wanaopenda kazi hii wana njia ya kujifunza. Chini ya Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa serikali za kaunti, na mitihani ya ufundi ya NITA humpa fundi cheti kinachotambuliwa nchini kote.

9. Oili chakavu

Oili iliyomwagwa chini hufika kwenye kisima na laga ambako watu na mifugo hunywa. Iwekwe kwenye mtungi wenye kifuniko, mbali na watoto, na ipelekwe kwa wakusanyaji wenye kibali. Isimwagwe shimoni wala isipakwe mifugo. Mtungi uliobeba oili usitumike tena kubebea maji ya kunywa.

Maswali ya marejeo

1. Kwa nini breki ya mkono haitoshi pale gurudumu moja la nyuma linapoinuliwa?
2. Ni dalili gani mbili za asubuhi zinazotosha kuahirisha safari?
3. Kwa nini oili ya injini haifai kwenye breki hata kwa dharura?
4. Matundu yaliyo chini ya injini ya Tdi humwambia nini mwenye gari?
5. Mwenye gari ana pesa za kitu kimoja tu: taa kubwa, au mipira mipya ya breki. Achague kipi, na amweleze vipi rafiki anayemcheka?

Jibu la swali la tano ndilo somo zima. Taa kubwa zitaonekana na mji mzima. Mipira ya breki haitaonekana na yeyote, ila abiria wote watafika Baragoi.